Maswali ya Wasomaji: Nyumba za Sola za Wanafunzi

Katika toleo lililopita tuligusia Solar Decathlon, mashindano ambayo wanafunzi wa vyuo vikuu husanifu na kujenga nyumba nzima inayotumia nguvu za jua, kisha nyumba hiyo hupimwa mbele ya umma kwa siku kadhaa. Barua zilizokuja ni nyingi. Tumechagua zenye maswali ya kiufundi. Mliouliza habari za viza mtuwie radhi.

SWALI: Wahariri, hamjambo? Nasoma usanifu majengo, mwaka wa tatu. Wenzangu wanadai haya ni mashindano ya nani ana paneli nyingi, basi. Ni kweli? Na alama hutolewaje?
*Mwanafunzi, Dar es Salaam*

JIBU: Hatujambo. Wenzako wana ukweli kidogo, ila ni ukweli uliopitwa na wakati.

Mashindano haya yalianzishwa na Wizara ya Nishati ya Marekani, chini ya Richard King, na yakafanyika mara ya kwanza mwaka 2002 kwenye viwanja vya National Mall, Washington, kwa timu 14. Jina linafuata ile michezo kumi ya riadha: ndani yake kuna mashindano madogo kumi, na jumla ya alama ni 1,000. Mwaka 2011 kila moja lilikuwa na alama 100. Majaji waliamua manne: usanifu, uhandisi, mvuto wa sokoni na namna timu inavyoieleza kazi yake kwa umma. La tano, gharama, lilikuwa la mkadiriaji. Matano yaliyobaki yalikuwa ya vipimo na kazi za nyumbani: hali ya hewa ndani, maji ya moto, vyombo vya umeme, maisha ya nyumbani (taa, kupika, kukaribisha majirani chakula cha jioni), na mizania ya umeme.

Sasa kuhusu paneli. Katika matoleo ya 2002, 2005 na 2007 kila nyumba ilijitegemea kwa betri zake. Mwaka 2005 juma la mashindano lilikuwa la mawingu na mvua, na timu zikajikuta zinachagua kati ya kuwasha friji na kuwasha taa. Mwaka 2009 nyumba ziliunganishwa kwenye gridi ya umeme, na kanuni zikampa alama za ziada anayezalisha kuliko anavyotumia. Hapo Technische Universität Darmstadt ya Ujerumani, waliokuwa wameshinda pia 2007, walileta nyumba ya ghorofa moja juu iliyofunikwa paneli paani na kutani kote, wakashinda tena. Wenzako bila shaka wanaizungumzia nyumba hiyo.

Mwaka 2011 mlango huo ulifungwa kwa njia mbili. Kwanza, mizania ya umeme ikawa na kilele: ukizalisha sawa na unachotumia, umepata alama zote, na cha ziada hakikuongezei kitu. Pili, likaingia shindano la gharama: nyumba isiyozidi dola 250,000 ilipata alama zote, kisha alama zikashuka hadi sifuri kwenye dola 600,000. Kuanzia hapo kila paneli isiyo ya lazima ikawa inakula alama badala ya kuleta. Aliyeshinda mwaka huo, University of Maryland kwa nyumba yao WaterShed, hakujulikana kwa wingi wa paneli bali kwa namna alivyoshughulikia maji na unyevu.

Kanuni hubadilika kila toleo, kwa hiyo usisanifu chochote kabla ya kusoma kitabu cha kanuni cha toleo lenu, hasa viambatisho vya namna ya kupima.

SWALI: Salamu kutoka Mombasa. Sisi ni wanafunzi wa uhandisi. Tumejenga chumba cha majaribio cha mita 4 kwa 3 tukiiga masharti ya zamani ya Washington: joto kati ya nyuzi 21.7 na 24.4 za selsiasi, unyevu wa hewa chini ya asilimia 60. AC ya BTU 12,000 inafikisha nyuzi 23 kwa dakika chache tu, lakini unyevu umekwama kwenye asilimia 70 hadi 75. Fundi anashauri tuongeze AC ya pili. Mnasemaje?
*Kikundi cha wanafunzi, Mombasa*

JIBU: Msiongeze. AC mliyo nayo tayari ni kubwa mno, na ukubwa huo ndio unaowaletea unyevu.

AC hukausha hewa pale tu koili yake ya ndani inapokuwa baridi kwa muda wa kutosha maji yakusanyike, yadondoke na kutoka kwa mpira wa nje. BTU 12,000 ni kama kilowati 3.5 za kupoza. Kwenye chumba cha mita 12 za mraba chenye dari na kuta nzuri, kompresa hufika kwenye joto lililopangwa haraka, ikazima, na maji yaliyobaki kwenye koili yakafuka tena kurudi chumbani, hasa kama feni ya ndani imeachwa ikizunguka muda wote. Anzeni na mambo ya bure: wekeni feni kwenye hali ya otomatiki, ijaribuni AC kwenye hali ya kukausha, na hakikisheni mpira wa maji una mteremko. Kama mnaweza kubadilisha, tafuteni ya BTU 9,000 ya aina ya inveta inayoweza kushusha mwendo na kufanya kazi polepole mfululizo. Kompresa inayonguruma taratibu saa nzima hukausha zaidi kuliko inayowaka dakika tano na kulala kumi.

Jambo la pili ni mwanya. Fanyeni hesabu hii: hewa ya nje Mombasa yenye nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80 imebeba takribani gramu 22 za maji kwa kila mita ya ujazo. Hewa ya ndani inayoruhusiwa, nyuzi 24 kwa asilimia 60, hubeba gramu 13. Kila mita ya ujazo inayopenya chini ya mlango inaingia na gramu 9 zisizotakiwa. Mita 100 za ujazo kwa saa, jambo la kawaida kwa dirisha la vioo vya kukunja, ni karibu kilo nzima ya maji kila saa. Hakuna AC ndogo itakayoshinda hilo. Zibeni kwa mpira wa povu mlangoni, silikoni kwenye fremu, na msisahau matundu ya waya na mabomba. Ubani uliowashwa karibu na kila kiungo utawaonyesha hewa inapopita.

La tatu, plasta. Kama kuta zimepigwa lipu mwezi uliopita, saruji bado inatoa maji na itaendelea kwa wiki kadhaa. Vipimo vya sasa visiwavunje moyo.

La nne ni watu na jiko, na hapa ndipo timu nyingi huachia alama. Mtu aliyetulia hutoa kama gramu 50 za mvuke kwa saa. Wageni 40 wanaotembelea nyumba ni kilo mbili. Na kanuni za wakati huo zilidai timu ichemshe maji mpaka kilo 2.3 ziishe kuwa mvuke ndani ya saa mbili. Nyumba ya mita 80 za mraba yenye urefu wa mita 2.7 ina hewa ya mita za ujazo 216, na kwa asilimia 60 hewa yote hiyo imebeba kama kilo 2.8 za maji tu. Sufuria moja inaweza karibu kuzidisha unyevu wa nyumba mara mbili! Hata kama saa ya kupika haigongani na saa ya kupimwa hewa, mapazia, magodoro na mbao hunywa mvuke huo na kuurudisha usiku. Feni ya kuvuta moshi iwe juu kabisa ya jiko, itoe hewa nje ya ukuta na si kwenye dari, na dirisha lililo karibu na jiko lifunguliwe kidogo ili hewa ya kufidia isivutwe kutoka vyumba vinavyopimwa. Jikoni pafungwe mlango.

Maryland, walioshika nafasi ya pili 2007 na kushinda 2011, walikuwa na maporomoko madogo ya maji ya chumvi ya lithiamu kloridi ndani ya nyumba. Chumvi hiyo hunyonya unyevu kutoka hewani, kisha hupashwa kwa joto la jua ili itapike maji nje na kurudi kazini. Ni wazo zuri sana na lina adhabu yake: maji yale hula chuma, kwa hiyo pampu, matangi na viungo vyote viwe vya plastiki. Kwa chumba chenu cha majaribio hatulipendekezi.

Mwisho, kagueni kipimo chenyewe. Vihisi vya bei nafuu hukosea kwa asilimia 3 hadi 5. Tieni kijiko cha chumvi ya mezani kwenye kifuniko, idondosheeni maji mpaka iwe kama uji mzito, iwekeni pamoja na kihisi ndani ya chupa iliyofungwa kabisa, muiache usiku kucha. Hewa ndani ya chupa itatulia kwenye asilimia 75. Kihisi kikisema 79, mnajua cha kutoa.

SWALI: Assalamu alaykum. Nafunga sola, niko Nizwa. Kijana wangu yuko chuo na timu yao imepewa paneli za wati 450 na inveta ambayo mwisho wake ni volti 600. Wamefunga paneli 12 kwa mfululizo. Lebo ya paneli inasema volti 49.5 bila mzigo, na 12 kwa 49.5 ni 594, chini ya 600. Walipopeleka majaribio Jabal Akhdar wakati wa baridi, inveta ikagoma kila alfajiri. Kosa liko wapi?
*Fundi, Nizwa, Oman*

JIBU: Wa alaykum salaam, fundi. Lebo imeandikwa kwa nyuzi 25, na mlimani alfajiri hakuna nyuzi 25. Volti za paneli hupanda joto linaposhuka. Tazama kwenye karatasi ya maelezo namba ya mabadiliko ya volti. Kwa paneli nyingi ni kama asilimia 0.27 kwa kila nyuzi. Kwenye nyuzi 0, tofauti ni nyuzi 25, kwa hiyo 49.5 inakuwa karibu 52.8, na paneli 12 zinatoa volti 634. Shukuruni kwamba imegoma tu, nyingine huungua. Paneli 11 zinatoa 581, na hapo mko salama. Ile ya kumi na mbili isifungwe sambamba na mnyororo wa 11, itumike kwingine.

Kiangazi hesabu inageuka upande wa pili. Paneli iliyolala juu ya bati kwenye joto la nyuzi 45 hufika nyuzi 70 bila shida. Nguvu hupungua kwa takribani asilimia 0.35 kwa kila nyuzi juu ya 25, kwa hiyo paneli ya wati 450 inatoa kama 380 hata jua likiwa kali kabisa. Iacheni nafasi ya sentimita 10 au zaidi kati ya bati na paneli, iliyo wazi juu na chini ili hewa ipande. Vumbi lioshwe alfajiri, kioo kikiwa baridi. Maji baridi kwenye kioo cha saa saba mchana ni kukitafutia nyufa.

SWALI: Kwa nini timu hujisumbua na matangi makubwa ya maji ya moto? Hapa Nairobi tunafunga hita ya papo hapo kwenye shawa na mambo yanaenda.
*Msomaji, Nairobi*

JIBU: Kwa sababu ya kasi inayodaiwa. Kipimo kilikuwa lita 57 ndani ya dakika 10, kwa wastani wa nyuzi 43.3. Hiyo ni lita 5.7 kwa dakika. Ukiyapandisha maji kutoka nyuzi 18 kwa kasi hiyo unahitaji karibu kilowati 10 papo kwa papo. Hita ya shawa ya kilowati 5.5 itakupandishia nyuzi 14 tu, utaishia kwenye 32. Ilhali jumla ya nishati ni ndogo, kama yuniti 1.7. Tangi linakuruhusu kuikusanya yuniti hiyo taratibu jua likiwa juu.

Angalia neno wastani. Maji ya kwanza kutoka ni yale yaliyopoa ndani ya bomba. Mita 10 za bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 20 zina lita 3.1, zikitoka zikiwa na nyuzi 25 wakati tangi lina 48, wastani wa lita zote 57 unashuka kwa zaidi ya nyuzi moja. Weka tangi karibu na bomba la kupimia, tumia bomba jembamba, lifunge kwa povu, na hifadhi maji kwa nyuzi 55 ukiwa na valvu ya kuchanganya ili yatoke kwa 45.

Pampu ya joto, yaani mashine inayovuta joto la hewa na kulitia majini, hutumia takribani theluthi moja ya umeme wa hita ya koili. Kwenye nchi ya joto ukiiweka ndani ya nyumba inakupa na zawadi: inapoza na kukausha hewa ya chumba ilichomo. Mirija ya utupu ya paani, ile ya kioo inayopasha maji kwa jua, ni nafuu na haina kelele, lakini siku isiyo na matumizi maji huchemka ndani yake. Valvu ya kupunguza presha na tangi dogo la kutanukia ni lazima, na bomba la valvu lisielekezwe mahali wageni wanapopita.

SWALI: Habari za kazi. Nafundisha umeme katika chuo cha ufundi hapa Dodoma. Kwenda Marekani au Ulaya si jambo letu. Nataka kuandaa mashindano madogo ya namna hiyo kwa timu nne za chuo. Nianzie wapi, na nipime nini bila vifaa vya bei mbaya?
*Mwalimu, Dodoma*

JIBU: Mwalimu, hili ndilo swali tulilolifurahia kuliko yote. Kila timu ijenge chumba kimoja cha mita 3 kwa 4, siku tano za vipimo, na vipimo vyote viweze kufanywa kwa mizani ya jikoni, kipimajoto na mita ya umeme.

Kupika: pima sufuria yenye maji, ichemshwe mpaka kilo moja iwe imetoweka kwenye mizani, ndani ya saa moja na nusu. Maji ya moto: lita 20 kwenye ndoo ndani ya dakika 5, koroga, pima, nyuzi 43 ni alama zote, nyuzi 33 ni sifuri, katikati gawanya sawia. Friji: kipimajoto ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya kati, kati ya nyuzi 1 na 4.5. Nguo: taulo nne zipimwe zikiwa kavu, zifuliwe, zirudishwe kwenye uzito ule ule. Waache waanike kambani; hata Washington kamba iliruhusiwa. Joto: kihisi kimoja kivulini nje na kimoja katikati ya chumba, urefu wa kifua, kirekodi kila dakika 15. Msiweke AC. Toeni alama kwa saa ambazo chumba kiko chini ya nje kwa nyuzi 3 au zaidi kati ya saa nane na saa kumi na moja alasiri. Dodoma ni pakavu, kwa hiyo pazia la gunia lililoloweshwa dirishani upande wa upepo linafanya kazi kweli, jambo ambalo rafiki zetu wa Mombasa hawawezi kulitumia.

Sasa ukubwa wa mfumo. Friji ndogo ni kama yuniti 0.6 kwa siku. Feni ya wati 50 kwa saa 10 ni 0.5. Taa nne za LED za wati 7 kwa saa 6 ni chini kidogo ya 0.2. Kuchemsha ile kilo moja, pamoja na joto linalopotea, ni kama 0.85. Jumla 2.1. Chukua saa 4.5 za jua kamili na uondoe robo kwa upotevu: 2.1 gawanya kwa 3.4 ni karibu wati 620, yaani paneli mbili za wati 350. Maji ya ndoo yasipashwe kwa umeme. Mpira mweusi wa mita 50 uliozungushwa juu ya bati chini ya kioo au nailoni unatosha. Betri: usiku unatumia kama yuniti 1, kwa hiyo betri ya lithiamu ya volti 24 na saa-ampea 100 inabaki na akiba ya asubuhi yenye mawingu. Kupika kufanyike saa sita mchana. Timu itakayopika jioni itakuwa imeibebesha betri kazi ya paneli.

Inveta ya wati 2,000 kwenye volti 24 inavuta ampea zaidi ya 90. Waya wa milimita za mraba 35, mfupi kadiri iwezekanavyo, na fyuzi ya ampea 125 karibu kabisa na betri. Hapa usimwamini mwanafunzi, hakikisha mwenyewe: vizimio vyote vya upande wa paneli na betri viwe vya umeme wa DC. Kizimio cha kawaida cha nyumbani kikifunguliwa kwenye DC cheche haikatiki, nacho huwaka moto.

Halafu kuna kosa linalotoka moja kwa moja kwenye michoro ya mtandaoni. Nyumba za Washington, iliyo nyuzi 39 kaskazini, zilielekeza paneli kusini kwa mwinamo mkubwa. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Paneli iliyoinamishwa nyuzi 35 kuelekea kusini, saa sita mchana mwezi Juni, inapata chini ya nusu ya mwanga wa moja kwa moja. Elekeza kaskazini, mwinamo nyuzi 10, ambao ni wa kusaidia mvua isafishe kioo kuliko kufuata jua. Na kivuli cha mti mmoja au nguzo kwenye kona ya paneli kinaweza kuangusha mnyororo mzima, kwa hiyo kiwanja kiangaliwe saa tatu asubuhi na saa kumi jioni kabla ya msingi kuchimbwa.

Gharama ziwe shindano lenye uzito kama mengine, na risiti zikaguliwe na mtu wa stoo asiye na timu. Kifaa cha msaada kihesabiwe kwa bei ya dukani. Bila hivyo mshindi atakuwa mwenye mjomba mwenye duka.

SWALI: Timu yetu inafikiria kuomba nafasi kwenye toleo la nje. Tunatoka nchi isiyo na bandari. Nyumba inasafirishwaje?
*Wanafunzi, Kampala*

JIBU: Kwanza, si kila kundi hudai mjenge. Upande wa Marekani limekuwapo kundi la usanifu pekee, ambalo timu zilishindana kwa michoro, hesabu na utetezi mbele ya majaji. Anzeni na la namna hiyo. Kama mmedhamiria kujenga, mashindano yameshafika karibu nasi: Ben Guerir, Morocco, Septemba 2019, na Dubai 2018 na 2021, kwenye bustani ya sola ya Mohammed bin Rashid Al Maktoum.

Kontena ndilo litakalosanifu nyumba yenu. Kontena la futi 40 la kimo kirefu lina upana wa ndani wa mita 2.35, urefu wa 12.03, na mlango wenye kimo cha 2.58. Moduli yenu, yaani kipande cha nyumba kinachosafirishwa kikiwa kimeshaundwa, isizidi upana wa mita 2.2. Ukiondoa ukuta wa sentimita 15 kila upande unabaki na ukumbi wa mita 1.9, ambao ni korido. Ndiyo maana timu huunda nusu mbili zilizo wazi upande mmoja na kuziunganisha uwanjani, ikapatikana mita 4.1. Njia nyingine ni kusafirisha kuta bapa. Team Belgium, Ghent University, walifanya hivyo 2011: nyumba yao E-Cube ilikuwa na fremu ya chuma kama rafu za ghala na vipande vya kuunganisha, nayo ikaongoza kwenye gharama sambamba na Empowerhouse ya vyuo vya Parsons na Stevens.

Kiungo kati ya moduli ndicho kinachovuja maji, hewa na alama. Kule National Mall haikuruhusiwa kuchimba. Nyumba zilikaa juu ya sahani za chuma zenye skrubu za kupandisha na kushusha. Moduli ya upana wa mita 2.2 ikiinama milimita 10 chini, juu kwenye kimo cha mita 2.5 pengo ni kama milimita 11. Zikiinama zote mbili kinyume, karibu milimita 23, na hapo hakuna mkanda wa kuziba utakaotosha. Pimeni kwa mpira wenye maji kabla kreni haijafika, kisha mpime tena uzito ukishakaa. Kiungo kipate tabaka tatu: povu linalotanuka katikati, utepe wa butili juu, na kofia ya bati inayopishana sentimita 15 kila upande. Waya na mabomba yavuke kiungo kwa plagi na nati za kushika kwa mkono, siyo kwa gundi.

Muda wa kujenga uwanjani huwa ni juma moja hivi au zaidi kidogo. Kwa hiyo jengeni nyumba yote nyumbani, ibomoeni, muijenge tena kwa saa, kila kipande kikiwa na namba iliyoandikwa pande mbili. Umeme hauwashwi mpaka mkaguzi asaini, na mara nyingi kinachomkwamisha ni lebo ambazo hazikubandikwa. Maji huletwa kwa lori na kuwekwa kwenye tangi lenu, na maji machafu huondolewa vilevile, basi acheni nafasi ya matangi yote mawili.

Betri za lithiamu huhesabiwa bidhaa hatari melini na hudai cheti cha majaribio ya usalama wa kusafirisha, UN 38.3. Nunueni huko huko mnakokwenda. Mbao za kufungashia ziwe na mhuri wa kutibiwa kwa joto wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya kuzuia wadudu wa mbao, la sivyo kontena litalala bandarini mkilipia kila siku.

SWALI: Baada ya mashindano nyumba huenda wapi? Au huwa kuni?
*Msomaji, Zanzibar*

JIBU: Inategemea kama timu ilijua jibu kabla ya kuchora. WaterShed ilinunuliwa na kampuni ya umeme ya Pepco na iko Rockville, Maryland. Illawarra Flame ya University of Wollongong, iliyoshinda Datong, China, 2013 kwa kuonyesha namna ya kukarabati nyumba ya zamani ya Australia badala ya kujenga mpya, ilirudishwa Wollongong. Wuppertal, Ujerumani, 2022, waandaaji waliacha baadhi ya nyumba pale pale ziwe maabara. Zinazobaki stoo kwa vipande ni zile zilizosanifiwa kwa kanuni za ujenzi za mji wa mashindano tu: zikirudi nyumbani hazipati kibali, na kurekebisha ngazi, msingi na waya kunagharimu kuliko chuo kinavyoweza. Empowerhouse ilikwepa hilo kwa kupata kiwanja chake mapema katika mtaa wa Deanwood, Washington, pamoja na Habitat for Humanity, nayo ikawa makazi ya familia.